Samaki anasikia ukuta

Katika Kindibu, lahaja ya Kikongo inayosemwa upande wa Mbanza-Ngungu, kuna samaki anayeitwa nzonzi a mpofo. Nililikuta jina hilo mwaka jana nilipokuwa nikikusanya majina ya samaki katika lugha za Kibantu za nchi yetu kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo. Katika orodha yenye majina zaidi ya mia mbili, hilo halikunihitaji kutafuta kamusi. Nzonzi ni samaki mdogo wa mtoni. A ni kiunganishi. Na mpofo, hata mtu aliyezaliwa Katuba ambaye hajawahi kukanyaga Kongo Central, analitambua mara moja: ni ndugu wa kipofu chetu, na ndugu wa impofu ya Kibemba. (Kando kidogo: likiandikwa bila toni, nzonzi ni pia msemaji wa baraza, yule anayesimama kutetea kesi ya ukoo wake. Nilicheka peke yangu maktabani: wakili kipofu.)

Wazungu walipompa jina walipita njia ileile. George Albert Boulenger, Mbelgiji aliyefanya kazi miaka mingi katika makumbusho ya London, alimweleza katika maandishi ya sayansi mwaka 1921 na kumwita Caecobarbus geertsii. Caecus kwa Kilatini ni kipofu. Wakati ule Mbanza-Ngungu iliitwa Thysville, mji wa reli ya kutoka Matadi. Kwa hiyo mvuvi wa Kindibu na bwana wa London, ambao hawakuwahi kukaa kwenye meza moja, walimtazama samaki yuleyule na wote wawili wakataja jambo moja, yaani kile asichokuwa nacho. Angeweza kuitwa kwa rangi yake: ngozi yake haina rangi ya kuificha damu, kwa hiyo anaonekana wa waridi. Angeweza kuitwa kwa makao yake, kwa sababu anaishi ndani ya mapango machache ya mawe ya chokaa katika eneo hilo, na hapatikani mahali pengine popote duniani. Lakini jina limekwenda kukaa pale palipo pengo.

Jambo hili lisingenishika hivyo kama ningekuwa mwanafunzi wa isimu tu. Kaka yangu mkubwa, ambaye nyumbani sote tunamwita Yaya, alipofuka akiwa na miaka ishirini na moja. Ilikuwa presha ya macho, ugonjwa ambao madaktari wanauita glakoma. Unakula uwezo wa kuona kuanzia pembeni kuelekea katikati, polepole, bila maumivu, na mtu anapokuja kushtuka kazi imekwisha. Alikuwa mwaka wa pili wa chuo. Sasa ni mwaka wa saba. Jioni ile niliporudi na jina la samaki, nilimsomea pamoja na maelezo yote niliyoyanakili. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo hakuna mwalimu aliyeniuliza: "Sawa, haoni. Sasa anasikia nini?"

Kwa Kifaransa angelazimika kuchagua kati ya entendre na sentir, na swali lingevunjika vipande viwili. Kwa Kiswahili linabaki zima. Tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia baridi, njaa, maumivu, uchungu wa moyo, na mtu akikueleza jambo gumu anamalizia, "Unasikia?", maana yake umeelewa. Jirani zetu wanafanya hivyohivyo. Lingala ina koyoka, Ciluba kina kumvwa, Kibemba kina kumfwa, na kila kimoja kinabeba karibu kila kitu kinachomfikia mtu bila kupitia machoni. Watu wa pwani wao husema kuona njaa, kuona baridi. Kwao jicho limeshuka mpaka tumboni. Sijengi nadharia hapa. Walimu wetu wametuonya vya kutosha kuhusu wanaodai kwamba kitenzi kimoja kinaweza kufungia akili ya watu. Nasema tu kwamba swali la Yaya lilikuwa sahihi, na kwamba jibu lake, nilipolitafuta, lilikaa vizuri ndani ya kitenzi hicho kuliko ndani ya vitabu vya Kifaransa nilivyokuwa nikivisoma.

Kila samaki, awe na macho au asiwe nayo, ana kitu kinachoitwa mstari wa ubavuni. Hata telapia sokoni anao. Mtazame ubavuni kabla muuzaji hajampara magamba, utaona kama mshono mwembamba. Katika mstari huo, na pia kichwani, kuna vinundu vidogo sana. Kila kinundu kina chembe zenye vinywele vilivyofunikwa na kofia ya ute. Maji yakisogea, kofia inainama, vinywele vinainama nayo, na habari inakwenda kwenye ubongo. Kwa njia hiyo samaki anajua mkondo unatoka wapi, nani anapita karibu, mdudu gani ameanguka juu ya maji. Samaki wa pangoni hakupewa kiungo cha ajabu ambacho wengine hawana. Anatumia kilekile cha wote, ila kwake kimeongezeka na kinafanya kazi mchana kutwa.

Haya yamechunguzwa zaidi kwa samaki mwingine, Astyanax mexicanus wa mapango ya Meksiko. Yeye si jamaa wa karibu wa samaki wetu. Upofu umewafikia kila mmoja kivyake. Tangu alipoelezwa mwaka 1936 amekuwa akifugwa katika matangi ya kioo sehemu nyingi za dunia, kwa kuwa anazaa kwa urahisi na hasumbui. Wetu yumo katika orodha ya mkataba wa CITES, ule unaodhibiti biashara ya wanyama walio hatarini, na ni heri abaki pangoni mwake. Basi, mtie yule wa Meksiko katika tangi asilolijua. Hatajificha pembeni kama wanavyofanya samaki wengi wenye macho. Anaanza kuogelea kwa kasi kuliko kawaida yake, akifuata ukuta, anazunguka, anazunguka tena. Anapiga mkia mara moja, kisha anajiachia ateleze bila kutikisika. Katika kuteleza huko, mwili wake unasukuma maji mbele yake. Maji hayo yakikaribia kioo au jiwe, hayana pa kwenda, msukumo unabadilika, na badiliko hilo analisikia usoni na ubavuni. Umbali wenyewe ni mfupi sana, haufiki hata urefu wa mwili wake. Baada ya saa kadhaa anapunguza mwendo. Tangi ameshalijua. Watafiti wakisogeza vitu vilivyomo, anaongeza mwendo tena. Maana yake anakumbuka mpangilio uliokuwepo, na ametambua kwamba umeguswa.

Kuna sehemu moja ya maelezo hayo niliyomsomea Yaya mara mbili kwa ombi lake: hisi hii ya ukuta inategemea mwendo. Jiwe lililotulia katika maji yaliyotulia halimtumii samaki habari yoyote. Asipoogelea, hakuna maji yanayosukumwa, na ukuta unanyamaza.

"Hiyo andika," alisema. "Halafu msomee Mama."

Nitarudi kwa Mama. Kwanza kuna neno lingine linalonidai. Kipofu kimo katika ngeli ya ki-vi, pamoja na kiziwi, kiwete, kibogoyo, kilema. Ni chumba chenye wapangaji wanaojulikana. Nimesikia watu wa mashirika wakilikataa neno lenyewe na kutaka tuseme "asiyeona", na ninaelewa nia yao, ingawa kwangu mimi "asiyeona" ni sentensi nzima yenye kikanushi ndani, na kikanushi hicho hakimwachi mtu hata sekunde moja. Kipofu angalau ni jina. Tena sarufi yetu ina ungwana fulani: umbo ni la kitu, lakini upatanisho ni wa mtu. Tunasema kipofu amekuja, hatusemi kimekuja. Mimi nasema Yaya, na ndilo neno linalotumika nyumbani.

Kinachonivutia zaidi ni kitenzi. Pofuka ina -ka mwishoni, ile ya hali inayomtokea mtu: vunjika, pasuka, pofuka. Inahitaji kwamba kulikuwa na kitu kabla. Nilidhani basi samaki wa pangoni hawezi kupofuka, kwa kuwa amezaliwa hivyo na wazazi wake walikuwa hivyo. Kumbe sivyo. Yule wa Meksiko, akiwa bado kijusi, anaanza kutengeneza macho kama samaki mwingine yeyote. Kisha lenzi inaanza kufa, jicho linakosa kiongozi wake, linadidimia, na ngozi inafunika juu. Mwaka 2000 Yoshiyuki Yamamoto na William Jeffery walieleza jinsi walivyochukua lenzi ya kijusi cha samaki wa mtoni wa jamii hiyohiyo na kuiweka katika kijusi cha samaki wa pangoni: upande ule jicho likakua. Kwa hiyo kila mmoja wao anapofuka, kisarufi kabisa, katika siku zake za mwanzo, kabla hajahitaji kuona chochote.

Na hata hivyo si hasara tupu. Jicho linakula. Pamoja na sehemu ya ubongo inayolihudumia, linataka chakula usiku na mchana. Kwa jamii hii ya samaki imepimwa kuwa kati ya asilimia 5 na 15 ya nguvu zote ambazo mwili unatumia ukiwa umepumzika, na samaki mdogo ndiye anayelipa zaidi. Pangoni hakuna jani linaloota. Chakula ni mabaki yanayoletwa na mafuriko ya msimu wa mvua, na katikati ya mafuriko ni kungoja. Tulifundishwa shuleni methali ya Kifaransa kwamba katika nchi ya vipofu mwenye chongo ni mfalme. Pangoni, mwenye chongo anamlisha mfalme asiyefanya kazi.

Jambo la mwisho la maabara, kwa sababu Yaya alilipenda kuliko yote. Mwaka 2008 Richard Borowsky alieleza alivyowazalisha pamoja samaki vipofu wa mapango tofauti. Baadhi ya watoto waliona. Wazazi wote wawili vipofu, mtoto anaona, kwa sababu kila pango lilipoteza macho kwa njia yake, na kilichoharibika kwa baba kilikuwa kizima kwa mama. "Kumbe kila pango na upofu wake," alisema Yaya, akacheka kicheko kirefu ambacho sikuwa nimekisikia siku nyingi.

Lakini alikuwa pia wa kwanza kuniambia kwamba samaki huyu si yeye. Yeye aliona kwa miaka ishirini na moja. Anakumbuka rangi ya shati la mtihani wa Serikali. Mwenzake, kama ni lazima apewe mwenzake majini, ni samaki aliyekuwa na macho akayapoteza. Huyo nimemwona. Katika duka moja la simu mjini kulikuwa na tangi la kioo lenye samaki wanne wa dhahabu, na mmoja macho yake yote mawili yalikuwa yamekuwa meupe kama maziwa. Nilikuwa napita pale kununua vocha, nikazoea kusimama. Mwenye duka alikuwa akigonga kioo mara mbili kwenye kona ileile kabla ya kumwaga chakula, na yule kipofu alikuwa anafika, si wa kwanza, lakini anafika, mdomo ukiwa tayari umefunguka. Alijua kona, alijua mgongo, alisikia harufu ya chakula. Akishakosa punje moja alirudi nyuma kidogo na kuitafuta kwa kuzungukazunguka. Siku moja tangi lilikuwa limeoshwa na mawe yamepangwa upya ili yapendeze. Samaki yule aligonga jiwe kwa pua, akarudi, akaligonga tena. Wenzake watatu walikula. Mwenye duka ni mtu mwema. Alipoelewa, aliyarudisha mawe yalipokuwa, na siku zilizofuata mambo yakaenda kama zamani.

Sasa Mama. Mwezi wa sita Papa aliuza nyumba yetu ya Katuba. Alikuwa amejenga pole pole katika kiwanja cha nje ya mji, upande wa barabara ya Kipushi, na pesa za kumalizia paa zilikuwa hizo tu. Katuba Yaya aliijua yote. Alikwenda kwa kinyozi peke yake, alikwenda kanisani, alijua ni mfereji gani una ubao na ni mfereji gani ubao umeibwa. Usiku umeme ukikatika, sisi ndio tuliomwita atuletee mshumaa. Kule tunakohamia hakujua hata mlango unatazama wapi. Uamuzi wa Mama ulikuwa umeshapita kabla ya mizigo kufungwa: Yaya atakaa ndani mpaka azoee.

Nilimsomea kipande cha mwendo na ukuta, kama nilivyoagizwa. Alinisikiliza akiendelea kufunga sahani katika magazeti. "Mwanangu si samaki," alisema. "Samaki akigonga ukuta ni maji. Kule kuna shimo la choo ambalo baba yenu hajalifunika, na kuna malori ya madini barabarani. Wewe na vitabu vyako mtamzika."

Kuhusu shimo alikuwa na haki, na sikubishana. Upande wa pili Yaya naye hakubishana kwa sauti. Alisema tu kwamba hakuna namna ya kuzoea ukiwa umekaa; kwamba alikaa mwaka mzima wa kwanza kitandani Katuba na hakujua hata mlango wa jikoni; kwamba Katuba aliijua kwa kuigonga. Anataka pia kurudi chuoni, jambo ambalo nyumbani linasemwa kwa sauti ya chini. Kwa nyumba iliyoko mbali hivyo, mtu asiyeweza kufika barabarani peke yake hawezi kufika chuoni. Mama alijua hilo. Nadhani ndilo lililomtisha kuliko malori.

Papa, ambaye hasemi sana, alikwenda siku moja kabla yetu na kumwaga zege juu ya shimo.

Siku ya kwanza Yaya hakungoja hata vitanda vifungwe. Aliingia, akageuza mkono wa kushoto, akaanza kutembea akipitisha mgongo wa vidole ukutani, si viganja. Siku zile alikuwa anatembea haraka, haraka kuliko nilivyowahi kumwona Katuba. Alizunguka ndani, akatoka, akazunguka nyumba kwa nje, mara ya pili kinyume. Mara kwa mara alipiga ulimi na kusimama kusikiliza. Kwenye pembe ya jiko alisema, "Hapa kuna nafasi, ukuta umeisha," kabla mkono haujafika. Nilimuuliza alijuaje. "Nimeusikia." Sauti, upepo, baridi ya kivuli, hakutenganisha, wala mimi sikumlazimisha. Mchana bado anajua dirisha liko wapi. Mwanga kidogo umembakia, anasema kama mtu anavyobakia na sarafu mfukoni. Aligonga goti mara tatu siku ile, na kipaji cha uso mara moja kwenye dirisha lililoachwa wazi. Mama alikuwa anavuta pumzi kila mara kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia nikiwa nje.

Kulikuwa na siku mbaya. Siku ya tano alipotelea kwenye uwanja wa jirani ambao hauna ua wala mti. Hapakuwa na kitu cha kukifuata. Alisimama katikati katika jua akiita jina langu, na nilipomfikia hakutaka tuzungumze mpaka usiku. Baada ya hapo Papa alifunga kamba kutoka pembe ya nyumba mpaka kwenye mwembe ulio karibu na njia. Yaya aliitumia kwa wiki moja, kisha akasema iondolewe, watoto wanajikwaa.

Katika wiki ya tatu mwendo wake ulikuwa umepungua. Jioni moja alitoka chumbani na bakuli mkononi, akasimama hatua tatu kutoka jikoni. "Nani amesogeza mbabula?"

"Haijasogezwa," alisema Mama.

"Moto wake nausikia upande mwingine."

Mama alikuwa ameisogeza asubuhi wakati wa kufagia. Aliibeba na makaa yake yote, akairudisha.

Kesho yake Yaya alikwenda mpaka kwenye barabara ya Kipushi kununua mkate, na fimbo yake, bila mtu. Mama alimfuata kwa mbali, viatu mkononi, ili asimsikie. Yaya alirudi na mikate miwili, akampa mmoja pale pale njiani.